Maji Si Mpango Mpya

Hadithi hii haikutokea kwetu. Kwetu mambo kama haya hayatokei, na kama yangetokea tungekuwa tumeshatangaziwa. Ilitokea Tandabui, nchi ambayo mchora ramani alibandika juu yake ule mshale wa kuonyesha kaskazini, ndiyo maana wengi wenu hamjaiona.

Tandabui ilikuwa na chuo kikuu kimoja, kikiitwa Chuo Kikuu cha Mtukufu. Mtukufu ndiye rais. Marais walikuja wakaondoka, lakini kila aliyeingia Ikulu aliitwa Mtukufu siku hiyo hiyo, kwa hiyo bango la Chuo halikuhitaji kuandikwa upya. Gazeti la serikali liliwahi kusema kwamba huo ndio ubanaji matumizi uliofanikiwa kuliko wote katika historia ya taifa.

Nyuma ya jengo la utawala la Chuo hicho, ukishapita matangi mawili makavu, kulikuwa na maabara ndogo ya maji, na humo alifanya kazi mwanamke aliyeitwa Sikitu Mwambungu. Alikuwa daktari wa kusomea, si wa hospitali. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, mfupi, mwenye vidole vilivyobabuka kwa tindikali, na mwenye tabia ya kuinua kila glasi ya maji na kuitazama dhidi ya mwanga kabla ya kunywa, hata akiwa harusini.

Tabia hiyo aliipata Bonde la Nyangoro. Maji ya bonde hilo ni meupe, baridi na matamu, na yana madini ya floridi kupita kiasi. Mtoto huyanywa akiwa mzima. Meno yakija kuota, yanaota ya kahawia. Akifika darasa la nne magoti yanaanza kuachana, na akimaliza la saba anatembea kama mtu aliyekumbatia pipa kwa miguu. Serikali ilishapeleka huko wataalamu mara tatu, na mara zote tatu wataalamu walithibitisha kwamba miguu imepinda.

Sikitu hakuthibitisha. Yeye na fundi wake wa maabara, Mzee Hamduni Pazi, walikusanya mifupa ya ng'ombe machinjioni, wakaichoma katika tanuri walilolijenga wenyewe nyuma ya maabara, wakaisaga ikawa changarawe nyeusi, wakaijaza kwenye ndoo zenye bomba chini. Maji yakipita humo, madini yanang'ang'ania mifupa na maji yanatoka salama. Walianza na Shule ya Msingi Kwamnyefu, ndoo kumi na mbili. Miaka minne baadaye, watoto walioanza darasa la kwanza na ndoo hizo walikuwa darasa la tano na miguu yao imenyooka.

Shida ni kwamba mifupa nayo hushiba. Baada ya miezi kadhaa haipokei tena, na maji hupita yakiwa na madini yake yote. Hayabadiliki rangi wala ladha. Kinachoweza kujua ni chombo kimoja tu pale maabara, na chombo hicho kinapimia kwa kijiti cha kioo chenye unene wa kalamu. Kijiti kile kilikufa siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, mkononi mwa Mzee Pazi, ambaye alikaa chini akakishika kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

Kila mwisho wa mwezi mwalimu mkuu wa Kwamnyefu, Mwalimu Fungameza, alileta maji ya shule kwenye dumu. Alikuwa mtu wa maneno machache, suti moja, na kofia aliyoivua kila alipoingia maabara kana kwamba anaingia mahali pa ibada.

"Daktari, vipi mwezi huu?"

"Kijiti bado, Mwalimu. Nimeandika barua nyingine."

"Ya ngapi hiyo?"

"Kumi na saba."

Mwalimu Fungameza aliangalia dumu lake. "Basi niliache. Kikija, mtaanza na langu."

Madumu yakajipanga ukutani.

Ndipo ikaja barua ya Wakfu wa Brekkendorf.

Brekkendorf alikuwa tajiri wa nchi ya baridi aliyeuza chakula cha paka mpaka akafa. Watoto wake, walipoona mali haiishi na paka hawaongezeki, waliamua kuisaidia dunia. Barua yao ilisema wako tayari kukipa Chuo fedha za miaka mitano kwa ajili ya "uongozi wa kitaaluma na mipango mipya".

Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Lugendo Masimbi, alikuwa mtu mwembamba wa mwili na mnene wa sauti, ambaye hakuwahi kusema "ndiyo" mahali ambapo angeweza kusema "kimsingi". Aliunda Kamati ya Kuelewa Barua. Kamati ilikaa mara tisa, mara zote hotelini, kwa kuwa utulivu wa kuelewa haupatikani chuoni. Taarifa yao ilikuwa ya kurasa mia mbili. Neno "fedha" lilikuwa limeeleweka kwa wajumbe wote. Neno "uongozi" limeeleweka kwa walio wengi. Neno "kitaaluma" litahitaji mshauri mwelekezi. Kuhusu neno "mipya", kamati ilipendekeza kwamba kila kilichopo kipewe jina jipya kabla wageni hawajafika.

Kazi hiyo ilifanyika kwa wiki mbili. Maktaba ikawa Kitovu cha Maarifa. Vyoo vya wanafunzi vikawa Kituo cha Ustawi, ingawa milango haikuongezwa. Idara ya Historia ilijitahidi sana, ikashindwa kabisa kuwa mpya, ikafungwa.

Yalibaki masharti ya kiongozi. Wakfu ulitaka awe mwanamke, awe mwanasayansi, na awe amefanya jambo linaloweza kupigwa picha. Orodha ya wahadhiri mia nne ilichujwa, likabaki jina moja.

"Karibu, Daktari Mwambungu, keti," Profesa Masimbi alisema. "Kimsingi tumekuona."

"Ahsante, Profesa. Ni ile barua yangu ya kijiti?"

"Kijiti gani?"

"Cha kupimia maji. Nimeandika mara kumi na saba."

"Aa. Hizo ziko kwenye mchakato. Sasa sisi tunataka wewe utoke kwenye mchakato, uingie kwenye uongozi." Akamsogezea karatasi. "Mkurugenzi wa Kituo cha Uongozi wa Kitaaluma na Mipango Mipya. Gari, dereva, ofisi yenye zulia. Taifa linakutazama."

Sikitu aliisoma karatasi mpaka chini. "Na vifaa vya maabara vitakuwemo?"

Profesa akafunua kurasa, akaweka kidole. "Kifungu cha nne. *Vifaa.* Kifungu kizima, Daktari. Anayeidhinisha ni Mkurugenzi. Sasa kama Mkurugenzi ni wewe, nani atakukatalia?"

Nasi tusimhukumu haraka. Alifikiria madumu yale ukutani, yalikuwa sasa matano. Alifikiria ndoo za Kwamnyefu, ambazo kwa hesabu yake zilikuwa zinakaribia kushiba au zimeshashiba. Akasaini.

Mjumbe wa Wakfu alikuwa Bwana Torvik, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili safi alichojifunza kwa miezi mitatu na kukitumia kama msomaji wa taarifa ya habari. Alitembelea maabara. Aliuliza maswali ya maana. Alimsalimia Mzee Pazi "shikamoo" na kuinama vizuri kabisa. Alipiga picha na ndoo, akaomba apige nyingine akiwa ameinama zaidi. Sikitu alimweleza yote: visima arobaini vya bonde, watoto, mifupa inayoshiba, kijiti.

"Nimeguswa sana," Bwana Torvik alisema. "Lakini Wakfu wetu unathamini ukweli, kwa hiyo nitakuambia ukweli. Maji si mpango mpya. Maji yamekuwepo kwa muda mrefu sana."

"Lakini watoto ni wapya," Sikitu alisema. "Kila Januari wanaandikishwa wapya."

Bwana Torvik alicheka kwa heshima, akaandika katika daftari lake: *Ana ucheshi. Ni dalili ya uongozi.*

"Nikuambie kitu, Daktari. Sisi hatununui vijiti. Ukimnunulia mtu kijiti leo, kesho kitavunjika. Sisi tunamjenga kiongozi atakayeweza kuandika maombi ya kijiti."

"Nimeandika kumi na saba."

"Basi uko mbele ya wenzako wote!" alisema Bwana Torvik, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomkatisha tamaa Sikitu kuliko jingine lolote. Kwa mtu mwongo, Sikitu angepata la kumjibu.

Kiongozi hazaliwi tu, anapelekwa semina. Sikitu alipelekwa kwenye hoteli moja ya ziwani kwa wiki kumi, pamoja na viongozi wengine wapya ishirini, wote wakiwa wamevaa fulana za kijani. Mkufunzi alikuwa Bi Eulalia Kapinga, mama mchangamfu aliyekuwa amefundisha uongozi katika nchi kumi na nne bila kuongoza chochote.

"Hapa hatusemi *tatizo*," alianza. "Tunasemaje?"

"Changamoto!" darasa likaitikia.

"Hata changamoto tumeiacha mwaka jana. Sasa tunasema *fursa*. Haya, Daktari Sikitu, tuambie kuhusu kazi yako."

Sikitu alisimama. "Kuna watoto ambao miguu yao inapinda kwa sababu ya maji."

Bi Kapinga akamwendea, akamshika bega kwa huruma.

"Jaribu tena, mpenzi."

"Kuna... fursa katika miguu ya watoto."

Wakampigia makofi ya mahadhi. Sikitu alikaa chini akiwa na ladha mbaya mdomoni. Lakini wiki ya tano alishangaa kujikuta amesema "fursa" kwenye simu, tena akizungumza na dada yake kuhusu mazishi ya shangazi.

Mwalimu Fungameza alimpigia akiwa huko.

"Daktari, samahani kukusumbua. Kuna mtoto wa darasa la pili, Tunsiime, analalamika magoti. Mama yake anauliza kama ndoo bado zinafanya kazi."

"Mwambie... Mwalimu, mwambie asubiri kidogo. Nimesaini maombi wiki iliyopita. Mimi mwenyewe ndiye niliyesaini. Safari hii kijiti kinakuja."

"Sawa, Daktari. Tunakuamini."

Na ilikuwa kweli alikuwa amesaini. Maombi yalikwenda Idara ya Manunuzi, ambayo ilitaka bei kutoka kwa watengenezaji watatu. Sikitu akaeleza kwamba dunia nzima anayetengeneza kijiti kinachoingia kwenye chombo kile ni mmoja. Manunuzi wakajibu kwamba dunia haijafuata utaratibu. Akaandika maelezo ya ziada, akitaja kwamba kijiti hicho ni muhimu kwa afya ya meno na mifupa ya watoto. Maelezo hayo ndiyo yaliyofungua njia. Baada ya miezi miwili alipigiwa simu na mtunza stoo, mtu mwenye bidii, aliyekuwa akihema kwa fahari.

"Mkurugenzi, mzigo wako umeingia! Mwingi!"

Sikitu alikimbia mpaka stoo. Alikuta maboksi manne makubwa. Akalipasua la kwanza kwa funguo za gari. Vilikuwa vijiti vya kuchokolea meno, laki nne, na kila pakiti imechapwa nembo ya Kituo.

"Si ulisema vijiti, kwa ajili ya meno?" mtunza stoo aliuliza, akianza kuogopa.

Sikitu alitaka kupiga kelele. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, kwa utulivu wa Bi Kapinga, "Ahsante. Hiki ni kituo cha kuanzia." Na kifungu cha nne kilikuwa kimekwisha.

Mwaka wa pili Wakfu uliuliza kwa upole jengo la Kituo liko wapi. Chuo hakikuwa na jengo, ila kilikuwa na maabara ambayo, kwa maneno ya Profesa Masimbi, "haitumiki kikamilifu, maana kifaa chake kikuu ni kibovu na mkuu wake yuko kwenye majukumu mengine".

"Mkuu wake ni mimi," Sikitu alisema.

"Ndiyo maana naanza na wewe. Kimsingi hatuvunji. Tunapandisha hadhi. Ukumbi wa mikutano, viyoyozi, pale nyuma maegesho ya magari ya wageni."

"Pale nyuma kuna tanuri."

"Nimeliona. Linachafua hewa. Sikiliza, Daktari. Awamu ya pili ya mradi ina maabara mpya ya kisasa. Nimeiandika mwenyewe. Lakini huwezi kufika awamu ya pili kama awamu ya kwanza haina jengo. Usiposaini, fedha zinarudi kwa paka."

Alikaa na karatasi ile siku tatu. Alijiambia kwamba tanuri bila kijiti halina faida, kwamba awamu ya pili itakuwa na vijiti kumi, kwamba atakapokuwa na nguvu zaidi atarekebisha yote. Yote hayo yalikuwa na mantiki. Siku ya nne akasaini, kwa sababu siku ya nne kulikuwa na safari.

Aliporudi alimkuta Mzee Pazi uani, ameketi juu ya rundo la matofali yaliyoungua. Alikuwa amevaa koti jeupe la hoteli lenye vifungo vya shaba. Chuo kilikuwa kimempa cheo kipya: Afisa Ukarimu. Kazi yake ilikuwa kumimina chai kwenye mikutano.

"Shikamoo, Mzee wangu."

"Marahaba." Hakuinuka. "Walikuja na karatasi. Nikawaambia haiwezekani, Daktari hajui. Wakanionyesha sahihi." Akamtazama, na haikuwa hasira; kama ingekuwa hasira, Sikitu angeona nafuu. "Nikasema labda wameighushi. Ile herufi ya *M*, unavyoikunja, nikaijua."

"Ni ya muda, Mzee. Awamu ya pili kuna maabara mpya. Nimeona michoro."

"Mimi nastaafu Desemba, mwanangu. Kuchoma mifupa si kuwasha moto tu. Moto ukizidi, mifupa inakufa, haishiki kitu. Ukipungua, maji yananuka mpaka mtoto anatapika. Nilikuwa naujua kwa rangi ya moshi. Sikuwahi kuiandika mahali."

"Tutaandika. Njoo ofisini wiki ijayo, tukae, tuandike yote."

Wiki iliyofuata Sikitu alikuwa na kikao cha kupitia kikao. Iliyofuata, Mtukufu alitembelea. Mzee Pazi alikuja ofisini mara mbili, akamkuta katibu muhtasi, akaombwa ajaze fomu ya miadi. Desemba akastaafu, akaenda kwao, na mwezi Februari akafariki. Chuo kilituma salamu za rambirambi zikimsifu kwa mchango wake katika sekta ya ukarimu.

Siku ya Kongamano la Kwanza la Matokeo ya Mipango Mipya ukumbi ulijaa. Pale palipokuwa na madumu paliwekwa jukwaa la maua ya plastiki. Madumu yenyewe, ishirini, yalimwagwa kwenye maua halisi ya nje, na Kamati ya Mazingira ikapewa cheti kwa kumwagilia. Mtukufu hakufika lakini alituma kiti chake, kikawekwa mbele na kupewa itifaki yote.

Profesa Masimbi alitangaza mafanikio. Katika miaka miwili Kituo kilikuwa kimezaa mipango mipya mia moja na arobaini, kati yake sabini na mmoja ilikuwa mipango ya kuandaa mipango. Bwana Torvik alitokwa na machozi kidogo. Kisha akaitwa Mkurugenzi.

Sikitu alikuwa amekuwa msemaji mzuri. Alizungumza dakika arobaini bila karatasi. Alisema juu ya mnyumbuliko wa uongozi shirikishi, juu ya kuwawezesha wadau kumiliki fursa zao, juu ya Bonde la Nyangoro kama kielelezo cha maji yanayoongozwa. Watu walipiga makofi. Mwongoza shughuli, kwa kuwa programu ilisema "ushirikishwaji wa jamii, dakika mbili", aliuliza kama kuna mwanajamii mwenye swali.

Mtu mmoja akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Naitwa Fungameza, mwalimu mkuu, Kwamnyefu. Namshukuru Daktari kwa hotuba. Mimi sikuja na swali refu." Akaigeuza kofia. "Zile ndoo, Daktari. Yale maji, watoto wanywe au wasinywe?"

Hakukuwa na fumbo katika swali lile. Lingejibika kwa neno moja, na mtu pekee katika Tandabui nzima aliyekuwa na haki ya kulijibu alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti. Sikitu alijua kwamba mifupa ile ilishashiba zamani. Hakuwa amepima, lakini alijua. Alifungua mdomo aseme *wasinywe*.

"Nikushukuru sana, Mwalimu, kwa swali zuri," alisema. "Hilo tumelichukua, na tutalifanyia kazi."

Makofi yakalipuka. Mwalimu Fungameza alibaki amesimama kidogo, kama mtu anayengoja sentensi imalizike. Kisha akakaa. Alivaa kofia yake humo humo ndani.

Asubuhi yake Sikitu aliandika barua ya kujiuzulu. Ilikuwa fupi, ya kwanza katika miaka miwili isiyo na neno "fursa". Alisema hafai, kwamba maabara imevunjwa kwa sahihi yake, kwamba watoto wanakunywa maji asiyoweza kuyasemea, na kwamba anaomba kurudishiwa meza moja, bomba moja na kijiti kimoja.

Barua ilipokelewa kwa shangwe. Profesa Masimbi aliituma kwa Wakfu, na Wakfu ukajibu siku hiyo hiyo. Bwana Torvik aliandika kwamba katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kuona kiongozi wa Tandabui akiachia nafasi kwa hiari, kwamba huu ni ushahidi kwamba mafunzo yanafanya kazi, na kwamba Wakfu umeongeza fedha kwa ajili ya mpango mpya kabisa: Kituo cha Kung'atuka kwa Staha. Mkurugenzi wake aliteuliwa siku iliyofuata. Alikuwa shemeji wa Profesa Masimbi, na aliapa kutokung'atuka mpaka kituo kisimame imara.

Sikitu alikwenda kumwona Makamu Mkuu.

"Niliomba meza na bomba, Profesa."

"Nimeona. Kimsingi ni ombi zuri. Lakini wewe ni mkemia wa maji, na Chuo hakina maabara ya maji."

"Kilikuwa nayo."

"Mwenyewe unajua nani alisaini," Profesa alisema, bila ubaya wowote, na akamimina chai.

Akapangiwa kufundisha somo la Stadi za Mawasiliano kwa mwaka wa kwanza. Aliandika Wizarani kuomba maji ya Kwamnyefu yapimwe kwenye maabara ya taifa. Akajibiwa kwamba maabara hiyo hupima maji ya viongozi tu, hadi hapo yatakapokuwa salama. Alikwenda machinjioni, akanunua mifupa, akajaribu kuichoma uani kwake kwa pipa. Alichoma mara nne. Mara mbili mifupa ikawa myeupe kama chokaa, mara mbili ikanuka mpaka majirani wakaita mgambo. Aliutazama moshi kwa makini kila mara, lakini hakujua anatafuta rangi gani.

Mwishowe alikwenda Kwamnyefu mwenyewe, bila gari la Kituo, bila bango. Alifika asubuhi. Mwalimu Fungameza alimpokea ofisini, akamfutia kiti vumbi kwa leso.

"Nimekuja kujibu lile swali," Sikitu alisema. "Wasinywe, Mwalimu. Nilipaswa kusema siku ile. Nilipaswa kusema mwaka jana."

Mwalimu Fungameza aliitikia kwa kichwa, taratibu. Hakuonekana kushangaa.

"Sawa," alisema. "Wanywe nini?"

Sikitu akaitazama ramani ya bonde iliyobandikwa ukutani.

"Kisima kingine kipo Lwande, kilomita kumi na nane. Nacho kina madini yale yale, ulikipima mwenyewe. Mvua ni miezi mitatu, na bati la shule limetoboka. Nilishauliza wazazi. Wakasema, bora yale ya ndoo, walau Daktari aliyagusa." Akaikunja leso yake. "Tunsiime ameacha shule. Si kwa ubaya. Ni mbali kutembea kwa miguu ile."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Aa, Daktari. Ulikuwa na majukumu."

Alisema hivyo kwa heshima kamili, bila hata tone la kejeli, na Sikitu akatamani angetukanwa.

Saa nne kengele ya mapumziko ikagongwa. Watoto wakatoka na vikombe vyao vya plastiki, wakapanga foleni mbele ya ndoo kumi na mbili zilizooshwa na kupangwa vizuri juu ya meza, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe. Mwalimu Fungameza akawaambia mgeni wao ni nani. Wakaimba. Halafu msichana wa mbele, mwenye kama miaka saba, akafungua bomba, akajaza kikombe chake mpaka juu, akamletea Sikitu kwa mikono miwili, akipiga goti kama alivyofundishwa kwao.

Sikitu akakiinua kikombe dhidi ya mwanga. Maji yalikuwa meupe kabisa. Watoto wote walikuwa wamesimama wakimngoja, kwa kuwa mgeni ndiye anayeanza.

Akanywa.